Mama anauliza: mtoto wangu ameua ordinateri ya korali?



Mwezi huu ninajibu barua ya mama mmoja wa Kolwezi. Ameiandika kwa mkono, kurasa tatu, na ninaifupisha bila kutaja jina lake wala jina la parokia yake. Atajitambua mwenyewe.

Mtoto wake ana miaka 17, anaimba tenori, na njo yeye anasaidia kazi ya kurekodi nyimbo. Korali ina ordinateri moja tu, ya okazio, iliyotoka Ubelgiji. Ndani yake kuna nyimbo zote za miaka iliyopita, pamoja na zile za mwalimu wao marehemu, ambazo hakuna mtu aliyeziandika kwenye karatasi. Korali ilichanga franka, ikanunua karti ya sauti kule Lubumbashi ili mikro zisikike vizuri. Yaya mmoja wa kartie anayejua mashini akamwambia kijana: "Sauti mbili haziwezi kukaa mu mashini moja. Ingia mu BIOS, zima ile ya zamani." Jumamosi kijana akaingia, akazima. Karti mpya ikafanya kazi, wakarekodi wimbo mmoja.

Jumapili umeme ukakatika tangu asubuhi mpaka usiku. Jumatatu wakawasha mashini: ekrani nyeusi, maandishi meupe ya Kiingereza, na saa inaonyesha mwaka wa 2009. Wakafinya F1 kama maandishi yalivyoomba. Windows ikaanza kidogo, ikaanguka kwenye ukurasa wa buluu, ikaanza tena, ikaanguka tena.

Komite ikakaa. Ikasema: "Ni yeye aligusa, ni yeye ameiua." Alipe dola 200, na kwa sasa asiimbe. Mama anaandika kwamba mtoto anakaa paka chumbani na hata bukari anaiacha kwenye sahani. Anauliza maneno mawili. La kwanza: ni kweli ameua? La pili: ilifaa kubadilisha ile mambo ya sauti ndani ya BIOS, ao hapana?

Mama, nianze na la kwanza, ili leo ulale vizuri. Hapana, hakuiua. Kuzima sauti ndani ya BIOS ni kama kuzima taa ya chumba kimoja. Kile chumba kinabaki mu giza, lakini nyumba haianguki, na kesho yake mtu anaweza kuwasha tena. Sikuiona mashini kwa macho yangu, lakini barua yako imeeleza mambo vizuri kuliko mafundi wengi wanavyoeleza. Ule mwaka wa 2009 unasema karibu yote.

BIOS ni nini? Ni programu ndogo iliyoandikwa ndani ya chipu moja kwenye karti-mama. Jina lake ni la mwaka 1975, lilitoka kwa Mmarekani Gary Kildall, na lilienea sana na ordinateri ya IBM ya mwaka 1981. Mashini za sasa zina programu mpya inayoitwa UEFI, lakini watu wanaendelea kusema BIOS, na siye tutasema hivyo. Ukifinya butoni ya kuwasha, BIOS njo inaamka kwanza, mbele ya Windows. Inaangalia kama memoria iko, klavie iko, diski iko, kisha inaachia Windows kazi. Haikai kwenye diski. Nyimbo zinakaa kwenye diski. Ni vyumba viwili tofauti, mama, na mtoto wako aliingia kimoja tu.

Pembeni ya BIOS kuna akiba ndogo ya chaguo: saa ni ngapi, diski gani ianze, sauti iwake ao izimwe. Kwenye ordinateri za miaka ile, akiba hii inashikwa na pile moja ya mviringo, nyembamba, inayong'aa kama franka ya chuma. Jina lake ni CR2032, na namba zenyewe zinasema kipimo: upana milimeta 20, unene milimeta 3,2. Ina volti 3. Imetengenezwa kwa litiamu na manganizi, yale majiwe ambayo wazee wa Kisenge wanayajua vizuri. (Wengine wanafikiri kila pile ina kobalti yetu. Hii haina.)

Wakati mashini iko kwenye prizi na umeme uko, pile inapumzika. Umeme ukikatika, pile inabeba mzigo peke yake. Pile mpya inabeba miaka. Pile iliyozeeka inabeba saa chache, kisha inachoka na mashini inasahau yote. Inasahau hata tarehe, inarudi kwa mwaka wa kiwanda. Jumapili nzima bila umeme, Jumatatu mwaka 2009: ni pile imekufa. Hakuna kidole cha mtoto katika neno hili.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo komite haikulifikiri. Mashini ikisahau chaguo zake, inarudi kwa zile za kiwanda, na kiwanda kinaacha sauti ikiwa imewashwa. Maana yake, kile kitu ambacho kijana alizima Jumamosi, mashini imekwisha kukiwasha yenyewe. Wanamhukumu kwa alama ambayo hata haiko tena!

Na ukurasa wa buluu je? Huo nao ni mtoto wa pile. Kati ya zile chaguo kuna mstari mmoja unaohusu ginsi ya kusema na diski. Mara nyingi unaandikwa SATA Mode, na majibu yake ni AHCI, IDE ao RAID. Windows ikipangwa siku ya kwanza kwa AHCI, na kesho mashini inasahau na kuweka IDE, Windows inatafuta diski kwa mlango uliofungwa. Inaanguka, inaanza, inaanguka. Mtu akitazama anasema diski imekufa. Diski ni nzima, ila inaitwa kwa jina ambalo haijibu. Kama ukurasa wa buluu una maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE ao namba 0x0000007B, mko karibu sana na jibu.

Basi fanyeni hivi. Tafuteni pile mpya ya CR2032. Toeni waya kwenye prizi, si kuzima butoni tu. Mwenye kufungua mashini aguse kwanza chuma cha sanduku, ili umeme mdogo wa mwili wake usiingie kwenye chipu. Pile ya zamani itoke, mpya iingie, upande wa alama ya + ukitazama juu. Kisha washeni, na mara moja finyeni F2 ao Del mara nyingi mpaka BIOS ifunguke. Kwenye klavie ya Kifaransa ile Del inaandikwa Suppr, na watu wengi wanaitafuta bure. Wekeni tarehe ya kweli. Tazameni mstari wa SATA. Kama ni IDE, wekeni AHCI. Kama ni AHCI, pimeni ile nyingine. Hifadhini kwa F10, ngojeni.

Windows ikifunguka, msianze kupiga wimbo kwa furaha. Kwanza mchukue nyimbo za mwalimu, mzinakili kwenye kle mbili za USB, moja ikae kwa korali na moja ikae kwa Padri. Nimeshangaa kwamba kazi ya mtu aliyefundisha miaka mingi ilikaa mahali pamoja tu, kwenye mashini ya okazio, na kosa analopewa ni mtoto wa miaka 17.

Ikikataa kufunguka, diski itolewe, ifungwe kwenye ordinateri nyingine kwa waya wake, na nyimbo zisomwe pale. Lakini kama fundi anakuja, anatazama dakika tano, na anasema "tuformate", mwambieni aksanti na mumsindikize mpaka barabarani. Kuformata njo kunafuta. Pale nyimbo zingepotea kweli.

Sasa neno la pili: ilifaa kuzima sauti ndani ya BIOS?

Yaya aliyempa kijana shauri hakusema uongo. Alisema ukweli wa zamani. Katika miaka ya 1990, ordinateri nyingi zilikuwa bila sauti kabisa, zilijua kulia "tii" tu. Mtu alinunua karti kama Sound Blaster, na karti ile iliomba namba zake mwenyewe ndani ya mashini, namba ambazo kitu kingine hakikuwa na haki ya kuzichukua. Vitu viwili vikiomba namba moja, vyote viwili vinanyamaza, ao mashini inaganda. Wakati ule, kuzima kimoja mu BIOS kulikuwa akili.

Kisha mwaka 1997 Intel ilileta mpango ulioitwa AC'97, na chipu za sauti zikaanza kuingia ndani ya karti-mama zenyewe. Mwaka 2004 ukaja mpango mwingine, HD Audio, na njo huo uko kwenye karibu kila ordinateri mnayoiona leo. Fungueni sanduku mutazame: mara nyingi mutaona chipu ndogo yenye picha ya kaa, yule mnyama wa maji anayetembea kwa upande. Ni alama ya Realtek. Chipu ile inaweza kukaa pamoja na karti mpya bila vita. Windows inajua kushika sauti mbili, tatu, hata nne. Inaomba tu uchague ni ipi itumike.

Kwa hiyo, vijana, nafasi ya kwanza ya kutafuta si BIOS. Tazameni ndani ya Windows, kwenye alama ya bafle pale chini ya ekrani: sauti inaelekea wapi? Mara nyingi inaelekea kwenye waya wa HDMI, ndani ya ekrani ambayo haina hata bafle. Mtu anakaa saa tatu akilalamika kwamba karti ni mbaya, kumbe sauti imeenda kwa mlango mwingine. Na kama chipu ya zamani inasumbua programu ya kurekodi, izimeni ndani ya Windows, kwenye orodha ya vyombo. Ni kazi ile ile, na inarudishwa bila kuzima mashini.

Lakini sisemi BIOS isiguswe kamwe. Wazazi fulani wamekwisha kuifanya kama sanduku la uchawi, na hilo nalo si vizuri. Kuna siku njo yenyewe yenye jibu. Mashini imekuja kutoka ofisi ya Ulaya, haina sauti, na Windows haioni hata alama ya chipu: ingia utazame, labda ofisi ile iliizima. Utaona mstari Onboard Audio, ao HD Audio, ao Azalia, na mbele yake Disabled, maana yake imezimwa. Weka Enabled, imewashwa. Kama kuna Auto, mashini inaamua yenyewe, na kwa watu wengi Auto inatosha. Ao tena: matundu ya nyuma yanatoa sauti, yale ya mbele yamenyamaza. Tazama mstari wa Front Panel. Sanduku la zamani lina waya za AC97, na BIOS inangoja za HD. Ukibadilisha, tundu la mbele linaweza kuamka. Ao radi imepiga, chipu imeungua, Windows inaiona leo na kesho haiioni. Hapo izime kabisa, tumia karti ya nje.

Jambo moja ambalo BIOS haitaponya hata mara moja ni ule mngurumo wa "nguuu" ndani ya rekodi. Korali nyingi zinaniandikia juu yake. Ule unatoka kwa waya na ardhi ya umeme. Fungeni ordinateri na meza ya sauti kwenye prizi za mahali pamoja, ondoeni waya wa mikro karibu na waya wa umeme, na kama mnaweza, tumieni karti ya sauti ya USB inayokaa nje ya sanduku, mbali na makelele ya ndani.

Ukiingia mu BIOS, chukua kwanza picha ya kila ukurasa kwa telefone. Badilisha kitu kimoja, si viwili. Ukipotea, toka bila kuhifadhi. Kama mtoto wa mama huyu angekuwa na picha zile, Jumatatu ingekuwa kazi ya dakika kumi.

Na sasa ile hatari ya kweli, maana watu wanaichanganya na hii. Kubadilisha chaguo ndani ya BIOS ni jambo moja. Kuandika BIOS mpya juu ya ile ya zamani ni jambo lingine kabisa. Umeme wetu unatoka mbali, mwingine unasafiri tangu Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, na nyote mnajua ginsi unavyofika. Ukikatika katikati ya kuandika BIOS mpya, mashini inaweza kubaki bila akili ya kuamka, na hapo hata pile mpya haisaidii. Mwaka 1999, tarehe 26 Aprili, virusi moja iliyoitwa CIH iliandika takataka ndani ya BIOS za ordinateri nyingi duniani, na wenyewe walibaki na masanduku matupu. Kwa hiyo, mtu asiandike BIOS mpya sababu ya sauti. Na ikiwa sherti ifanyike kwa sababu nyingine, iwe na onduleri yenye nguvu, iwe mashini iko nzima, na awepo mtu anayejua namba kamili ya karti-mama. Mtoto huyu hakufanya hiyo.

Mama anaongeza kwamba komite inataka kuweka neno la siri kwenye BIOS, vijana wasiingie tena. Ni haki yao. Ila wajue neno moja: BIOS nyingi zinasoma klavie kama ile ya Wamarekani, hata kama yenu ni ya Kifaransa. Ukifinya A, yenyewe inasikia Q. Ukifinya Z, inasikia W. Na M nayo inapotea. Mtu anaandika "MARIA" leo kwa klavie moja, kesho klavie inabadilishwa, na neno linakataa. Chagueni herufi zisizohama, liandikeni kwenye karatasi, karatasi ikae kwenye kasa ya parokia. Kwenye ordinateri ya mezani neno lililosahauliwa linaweza kuondolewa. Kwenye ile ya kubeba, mara nyingi ni gharama kubwa.

Kijana, na wewe nakusemesha, sababu najua mama atakusomea. Hukuua mashini. Lakini uliingia peke yako Jumamosi mchana, ndani ya kitu cha watu arobaini, bila kumwambia hata papa prezida wa korali. Njo maana Jumatatu hakuna aliyekusadiki. Omba msamaha kwa hilo. Usiombe msamaha kwa ile haukufanya.

Na ninyi, papa prezida na wanakomite: dola 200 ni za nini? Pile ile inauzwa kwa bei ndogo sana, na ilikuwa inakufa mbele ya Jumamosi. Kabla ya kudai franka kwa mama, wekeni pile. Kama baada ya hapo mashini inakataa, mwite fundi wawili, si mmoja, na kila mmoja aandike ameona nini. Adhabu ya kutoimba iondolewe leo, msingoje mashini.

Mama, nunua pile mwenyewe, uende nayo Jumamosi kwenye zoezi la korali, na mtoto wako awe pamoja nawe. Omba kwamba yeye mwenyewe aiweke, komite ikiwa inamtazama. Mchukue na kle mbili za USB. Kisha uniandikie mashini imesema nini.